Ile "Hakuna" Niliyoiandika Kasansa

Nakumbuka kiangazi kimoja, miaka ya hamsini ikielekea ukingoni, nilipoingia Kasansa kwa baiskeli ya serikali, daftari jeusi limefungwa kwenye keria kwa mpira, na mimi najiona mtu. Mwanangu, nilikuwa nimemaliza darasa la kumi Tabora, na kwetu Mpimbwe wakati ule msomi wa darasa la kumi alisalimiwa na wazee kabla hajawasalimia. Hilo peke yake lilitosha kuniharibu.

Daktari wa serikali pale Mpanda alikuwa ametuita vijana wachache tunaojua kuandika. Alitaka tupite nyumba kwa nyumba tuulize kama kuna mtu mwenye uvimbe usiouma wala kupungua, mdomoni, shingoni, au kwa akina mama, kwenye titi. Ugonjwa aliuita kansa. Kijiji chenye majina ya wagonjwa daftarini, lori lingefika kuwachukua, kwa sababu uvimbe ukiwahiwa ungali mdogo hukatwa na mtu akapona. Kisha akasema jambo ambalo sikulitia akilini. Wakubwa wake waliamini kwamba sisi watu weusi ugonjwa huo hatuupati.

"Sina cha kuwapinga nacho," alisema. "Mtakachoniletea nyie ndicho nitakachowaonyesha. Na mkiona haya kuwauliza wanawake, mtafuteni mwanamke awaulizie."

Nikaanza kazi vizuri. Jumbe alinikaribisha kwa utani, akajipiga kitambi. "Karani, andika na uvimbe huu! Umeanza mwaka wa mavuno mazuri ya mtama, hauumi na haupungui." Watu wakacheka, nami nikacheka, tukaendelea. Nyumba ya tano ilikuwa ya wakwe zangu.

Mama mkwe wangu, mama yake mke wangu Skola, alikuwa anatwanga. Aliponiona akaacha mchi kinuni, akajifunika kanga kichwani, akazunguka nyuma ya nyumba. Ndiyo desturi yetu: mkwe hatazamani na mkwewe, hali naye, wala hamtajii kitu cha mwilini. Sasa mimi nimuulize habari za titi? Nilisimama uani jasho linanitoka. Wanawake wa jirani walikuwepo wawili, ningeweza kumwomba mmoja wao. Sikumwomba. Niliogopa jioni wangenicheka kilabuni kwamba mkwe wa fulani ametuma watu wakamchungulie mama mkwe wake.

Nikaandika: hakuna.

Na uongo, mwanangu, haupendi kukaa peke yake. Kwa kuwa sikumuuliza yeye, niliona vibaya kuwauliza wengine. Nikaacha kuwauliza wanawake wote. Hakuna, hakuna, hakuna, ukurasa mzima, kwa mwandiko mzuri uliosifiwa na walimu wangu. Kabla jua halijafika utosini nilikuwa kwa shemeji yangu nakula wali na kuku.

Mwenzangu aliyepewa Mamba alitafuta mkunga akazunguka naye siku tatu. Tulimcheka sana, tukamwita mume wa mkunga. Lakini lori lilipotoka Mpanda lilikwenda Mamba, na mama mmoja wa huko alikatwa uvimbe akarudi kwake, akalima mpunga miaka mingi baadaye. Lori hilo hilo lilipita Kasansa bila kusimama. Lisimame kwa nini, na daftari limesema hakuna mgonjwa?

Kumbe kando ya barabara siku hiyo alikuwapo mama yake Skola. Habari za lori alizisikia mnadani. Alikuwa amefua nguo zake, amefunga furushi la kanga na unga kidogo wa safari, akasimama tangu asubuhi. Aliinua mkono. Dereva akadhani anasalimiwa, akampungia.

Hayo niliyajua baadaye, lile titi lilipokwisha kufumuka kidonda. Skola alikwenda kumuuguza, nami nikamfuata. Nilikaa nje ya ua wa matete, mama mkwe amelala upande wa ndani. Hatukuonana. Alisema na mimi kupitia kwa mwanawe, kama desturi inavyotaka.

"Skola, muulize mumeo. Kwenye kile kitabu chake, mimi aliniandika nini?"

Skola hakuwa na haja ya kurudia. Nilijibu kwamba niliandika hakuna.

Akacheka, kicheko kikavu kilichoishia kwenye kikohozi. "Watoto saba wamenyonya titi hili, kijiji kizima kinalijua. Leo karani ndiye wa kulionea haya! Mwambie titi ni langu na aibu ni yangu. Ningetaka kuficha, ningeficha mwenyewe. Yeye nani alimtuma anifichie?"

Alifariki kabla ya mvua za kwanza.

Nilikwenda Mpanda kumweleza daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwamba taarifa ilikwisha ondoka, na Kasansa imeandikwa haina ugonjwa. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Wale wakubwa waliosema hatuugui walipata walichokitaka, na aliyewapa alikuwa mtu wa Mpimbwe mwenye darasa la kumi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi ya mwingine, na kifo kikamchukua yeye, kikaniacha niishi mpaka uzee huu.

Ndiyo maana nawaka, nyie vijana. Juzi hapa Kakese nimemkuta kijana amepewa kishikwambi azunguke kuuliza watu habari za saratani, amekaa kibandani anakunywa soda na kujijazia majibu mwenyewe. Nikamwuliza unafanya nini. "Babu, hawa majibu yao yanafanana tu." Yanafanana! Nusura nimpige fimbo. Na huyo ana wenzake: baba anayemficha binti yake siku ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa sababu ya sauti aliyotumiwa kwenye simu na mtu asiyemjua, mzee mwenzangu anayekojoa kwa shida mwaka wa pili na akiulizwa anasema yeye ni mzima. Kisha mnalalamika kwamba hospitali kubwa ziko mbali na serikali haituoni. Itatuona kwa macho gani, kama kila anayetumwa kututazama tunamwambia hakuna?

Mwanangu, ukiulizwa habari za mwili wako, sema kweli, hata kama anayeuliza ni mtoto wa jana. Ukitumwa kuuliza, uliza mpaka nyumba ya mwisho, na ukiona haya tafuta wa kukusaidia. Kutafuta msaidizi si fedheha. Ukiitwa kupimwa, nenda. Na aibu ya mtu mwingine usimbebee bila kumuuliza.

Mungu akupe ujasiri ambao mimi sikuwa nao. Awazeeshe mama zako wote, wa kukuzaa na wa ukwe, wapitishe masika mengi wakiwa na afya zao, na akikupa kalamu, akupe na moyo wa kuistahili. Amina.