Mama Sukuma Aingia Bungeni

Jina lake la kwenye kitambulisho halikumsaidia kitu. Ukilitaja sokoni, watu walikutazama kama umeulizia njia ya kwenda mwezini. Lakini ukisema Mama Sukuma, hata mtoto aliyekuwa anajifunza kusimama angekunyooshea kidole kuelekea kituo cha afya. Alikuwa mkunga, mwembamba kama ufagio, na sauti aliyojaliwa ingemtosha mtu mwenye mwili mara mbili ya wake. Akipaza "Sukuma, mama, sukuma!" wodini, wenye mikokoteni kule barabarani nao walisukuma.

Mumewe alikuwa kinyozi, mtu mpole wa maneno machache, na duka lake lilitazamana na geti la kituo. Kaka wa kinyozi huyo ndiye aliyekuwa mbunge wa jimbo. Naye watu walikuwa wamempa jina: Mheshimiwa Nitalifuatilia. Barabara imeoza? Nitalifuatilia. Bomba limekauka? Nitalifuatilia. Wazushi walidai kwamba hata siku ya ndoa, alipoulizwa kama amemkubali bibi harusi, alijibu vivyo hivyo. Mkewe hakuwahi kukanusha.

Sasa, paa la wodi ya wazazi lilikuwa linavuja. Kila Jumapili mbunge alipokuja kula kwa mdogo wake, kwa kuwa mama yao aliishi hapo, Mama Sukuma alimkumbusha lile paa, na kila Jumapili alilishwa neno lile lile.

Mchana mmoja mvua ikashuka kama imetumwa. Mwanamke mmoja alikuwa kitandani, uchungu umemkolea. Likadondoka tone, yakafuata matone, mara ikawa kama mtu amefungua bomba darini. Kitanda kilikuwa hakina pa kusogezwa. Mama Sukuma akamwita mlinzi wa getini aje na mwavuli wake. Maskini mlinzi akasimama kando ya kitanda, uso kaugeuzia ukutani, macho kayafumba, mkono kaunyoosha juu kama nguzo ya taa, huku akirudia, "Sioni kitu, dada, wallahi sioni kitu!" Mtoto akazaliwa mkavu. Wengine wote walitoka pale chapachapa.

Jumapili iliyofuata, Mama Sukuma akasema mezani, "Shemeji, juzi nimezalisha chini ya mwavuli."

"Pole sana, shemeji yangu," akajibu Mheshimiwa, huku akipekua sahani kutafuta paja la kuku. "Hilo suala nitalifuatilia."

Mama Sukuma akakiweka kijiko chini. "Usijisumbue. Safari hii nitalifuatilia mwenyewe. Uchaguzi ni lini?"

Kinyozi akapaliwa na chai. Mheshimiwa akacheka mpaka akafuta machozi, akidhani ni utani wa mashemeji. Mama mkwe peke yake hakucheka.

"Cheka tu, mwanangu," alimwambia yule mbunge. "Mimi nimekaa naye jiko moja, namjua. Huyu hatanii."

Kweli hakutania. Alikwenda kwenye chama kimoja kidogo ambacho kilikuwa na bendera, mwenyekiti na kiti cha huyo mwenyekiti, basi. Walimpokea kama mvua ya kwanza. Kampeni ikaanza, na nyumba ile ikawa na vituko. Mama mkwe asubuhi alionekana na kofia ya chama cha mwanawe, jioni na fulana ya chama cha mkwewe. Majirani walipombana aseme yuko upande gani, alijibu, "Mmoja nimemzaa, mwingine amenizalia wajukuu. Mnataka nijikate katikati?"

Kwenye mkutano mkubwa uwanjani, Mheshimiwa akashika kipaza sauti, akasema kwa kejeli, "Ndugu wananchi, shemeji yangu ni mtu mzuri. Lakini tuseme ukweli. Yeye kazi anayoijua ni kuzalisha tu!"

Wafuasi wake wakapiga vigelegele. Mama Sukuma hakungoja kipaza sauti. "Ni kweli!" sauti ikatoka nyuma ya umati, ikafika mbele bila kupungua. "Nusu ya mliosimama hapa niliwachapa makofi siku mliyozaliwa, ndiyo maana leo mnapumua. Mimi nimezalisha wapiga kura. Wewe, shemeji, miaka yote hii umezalisha nini?"

Watu walicheka jukwaa likatikisika. Lakini kicheko si kura. Matokeo yalipotoka alikuwa ameshindwa, kwa kura chache zinazouma kuliko nyingi. Alirudi wodini, na kwa siku kadhaa hata wazazi walishangaa kuambiwa wasukume kwa sauti ya kunong'ona.

Ndipo Mheshimiwa, akiwa na furaha zake, akaenda kunyolewa kwa mdogo wake kama kawaida ili aapishwe akiwa nadhifu. Kinyozi akamfunga kitambaa shingoni, akamnyoa upande wa kulia vizuri mno, akampangusa, akazima mashine.

"Mbona umeishia hapa?" akauliza Mheshimiwa akijitazama kwenye kioo.

"Upande uliobaki, kaka," akasema kinyozi kwa upole wake ule ule, "nitaufuatilia."

Akatoka nje kwenda kunywa chai. Mheshimiwa alilazimika kuvuka soko zima na nusu kichwa, akitafuta kinyozi mwingine. Habari zilipofika wodini, Mama Sukuma alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Alikuwa ameolewa na mtu huyo kwa miaka mingi, na siku hiyo alimpenda upya. Jioni akamwambia, "Baba watoto, uchaguzi ujao nagombea tena."

"Najua," akasema kinyozi. "Nimeshawaambia wateja."

Mara ya pili alishinda, na safari hii hakuna aliyebishana na hesabu. Mheshimiwa wa zamani alinuna kwa muda, kisha Jumapili moja akarudi mezani maana kuku hana chama. Mama Sukuma hakumsimanga. Alimpa kazi: awe mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kituo cha afya. Na hapo likatokea la kushangaza. Yule bwana, alipoondolewa ubunge, alifuatilia! Kila asubuhi alikuwa juu ya ngazi akihesabu misumari, mpaka fundi akaja kumsihi Mama Sukuma, "Mama, nakuomba, mrudishe bungeni."

Bungeni kwenyewe mambo hayakuwa mteremko. Jengo lilikuwa zuri, mazulia mekundu, viti vinavyozunguka. Ila walioujenga ukumbi ule hawakuota kwamba siku moja mwanamke angeingia humo bila ufagio. Choo cha wanaume kilikuwa mkabala na mlango wa ukumbi. Cha wanawake kilikuwa kwenye jengo la maktaba, ng'ambo ya bustani, juu ya ngazi.

Mama Sukuma aliwasilisha hoja yake ya kwanza: kila wodi ya wazazi nchini iwe na paa zima, maji na taa. Mjadala ukarefuka, wasemaji wakawa hawaishi, naye alikuwa amekunywa maji kwa ajili ya koo. Akavumilia. Mwisho akaona bora aende upesi. Alipokuwa kule maktaba akasikia kengele ya kura. Alikimbia bustanini, viatu mkononi. Alipofika, milango ilikuwa imeshafungwa, na kanuni haina huruma. Alisimama nje, shavu ameligusisha mlangoni, akasikia hoja yake ikianguka kwa kura moja.

Kesho yake alisimama. "Mheshimiwa Spika, naomba mwongozo wako. Jana hoja yangu ilikufa kwa kukosa kura moja. Kura hiyo haikuwa imeuzwa wala kusinzia. Ilikuwa chooni."

Ukumbi ukalipuka. Spika, mzee wa miwani mizito, akagonga meza. "Mheshimiwa, suala la choo si suala la kitaifa."

"Nakubali, Mheshimiwa Spika," akasema Mama Sukuma. "Ninaloomba ni kwamba leo asitoke mtu humu mpaka jioni. Halafu tupige kura kama ni la kitaifa."

Spika aliipanga miwani yake, akasema atalitolea uamuzi baadaye. Mama Sukuma alikuwa mtu wa mwisho duniani wa kuambiwa baadaye. Wabunge wanawake walikuwa wachache, wote walienea meza moja ya mkahawa, na hapo walikubaliana. Kikao kilichofuata, kila kengele ilipokaribia, waliingia choo kile cha wanaume kwa pamoja, wakafunga mlango kwa ndani, wakajipodoa taratibu kama wanakwenda arusini. Nje mawaziri walijipanga foleni, miguu wameipishanisha, heshima zimewatoka. Waziri mmoja aligonga mlango akisema kwa sauti ya kulia, "Dada zangu, tuna undugu!" Ndani akajibiwa, "Maktaba kuna choo kizuri, kaka. Pita bustanini."

Mafundi wa kujenga choo cha wanawake waliletwa upesi kuliko walivyowahi kuletwa kwa jambo lolote la serikali. Mkutano uliofuata hoja iliwasilishwa tena, ikapita, na waziri wa foleni ndiye aliyepiga meza kwa nguvu zaidi.

Baadaye akateuliwa naibu waziri wa afya. Likaja gari la bendera, likawa linaegeshwa mbele ya duka la kinyozi na kuwazibia wateja mlango. Uheshimiwa huo haukudumu. Mwandishi wa habari alimuuliza kwa nini bati za wodi zimechelewa, naye akajibu, "Fundi yuko tayari, wazazi wako tayari. Bati ziliko anajua waziri wangu, muulizeni yeye." Lilikuwa jibu la kweli, na kwa hiyo lilikuwa kosa.

Alifukuzwa kupitia redio. Kinyozi alikuwa ananyoa mtu ndevu, povu kidevuni, taarifa ikasomwa: uteuzi umetenguliwa. Mteja akafumba macho, akijua wembe uko shingoni kwake. Lakini kinyozi aliendelea kunyoa taratibu. Alimaliza, akafunga duka, akaenda nyumbani.

Mama Sukuma alikuwa amejifungia bafuni, bomba amelifungulia kabisa ili asisikike. Alilia uchungu wa mtu aliyefanya kazi kwa moyo akatupwa kama maganda. Mama mkwe akagonga mlango.

"Mwanangu, lia bila bomba. Maji yatatuishia, na kulia kwako sote tunakujua."

Bomba likafungwa. Kikasikika kicheko kidogo chenye kamasi. Alipotoka, mama mkwe alimfuta uso kwa pembe ya kitambaa chake, akamwambia, "Uwaziri ulipewa na mtu. Ubunge ulipewa na watu. Kaoshe uso uende kazini."

Akaenda. Alilitumikia jimbo mpaka alipoona magoti yanagoma ngazi za bungeni, akaaga mwenyewe, bila kusukumwa na mtu. Asubuhi ya kwanza ya kustaafu alivaa gauni la kazi, akajikuta amekaa sebuleni, mkoba mapajani, hana pa kwenda. Kinyozi akamtazama, akamwambia, "Njoo unisindikize dukani."

Huko alikaa kwenye benchi akisoma gazeti. Mtu wa kwanza akamuuliza kuhusu cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Wa pili, ugomvi wa mpaka wa kiwanja. Wiki haijaisha, kinyozi alikuwa ameongeza benchi jingine, na foleni ilifika barabarani.

"Mama watoto, hawa wote hawaji kunyoa," alilalamika. "Tazama yule pale mwisho. Ana upara!"

Mama Sukuma akainua macho juu ya gazeti. "Basi mwite yeye kwanza," akasema. "Hatakuchelewesha."