Fundi wa Mafriji wa Ngara
Wakimbizi walipojaa Ngara, mashirika ya misaada yalileta mafriji, na mafriji yakamleta fundi wetu. Plagi aliziona anasa. Alichomeka nyaya tupu kwenye soketi, akazikaza kwa njiti za kiberiti, kisha akajipangusa mikono kama daktari bingwa. Friji bovu alilikata bomba, gesi ikafoka, naye akatutuliza: "Hiyo ni pumzi tu."

Siku moja Mama Benedicta, mpishi wa mgahawa, alishika mlango wa friji kwa mkono wenye maji, akanaswa na umeme. Fundi, aliyekuwa akila hapo, alizing'oa nyaya zake kwenye soketi kwa mpini wa ufagio. Mama alipopata sauti alisema, "Asante, fundi, umeniokoa." Fundi akatazama chini. Kesho yake alipita nyumba kwa nyumba akibadilisha nyaya zake, huku akituonya kwa ukali tujihadhari na mafundi wazembe.