Askari wa Kusikiliza

Askari aliyepewa kazi ya kusikiliza mahojiano ya Severina gerezani hukaa kando ya mlango, funguo mapajani, akimenya mbegu za alizeti kwa kucha ya dole gumba. Asubuhi getini huwa mtu mwingine kabisa: huwasalimia kwa Kinyaturu kina mama wa Mgori wanaowaletea ndugu zao chakula, akawaulizia mvua na mbuzi, akacheka nao kwa ile sauti yake nzito. Akishaingia ndani anakuwa mtu wa serikali. Wafungwa wakimwona huchuchumaa, na Severina, aliyekuja kutafiti maisha ya humo, amechoka kuandika jibu lile lile: "Tunaishi vizuri, dada."

Leo mzee mmoja naye alisema hivyo hivyo, kisha akaanza upya kwa Kinyaturu. Akaeleza jinsi mwenzake wa selo alivyokata roho huku wao wakigonga mlango aitwe daktari. Severina, binti wa Mtinko, alielewa kila neno, na hofu ikamshika: baada ya maneno hayo mzee angelala salama kweli? Akamtazama askari. Mbegu zilikuwa zimetulia kiganjani. Taratibu alizikusanya funguo, akazifumbata zisilie, mpaka mzee alipomaliza na kujifuta uso.

Walipotoka, mkuu wa gereza alikuwa anawangoja uani.

"Yule mzee kasema nini muda wote ule?"

Askari akabana visigino, akapiga saluti. "Alikuwa anaongea kilugha, afande. Mimi sikuambulia kitu."