Akaunti ya Watu Wote

Mume wangu aliuza mitumba Kariakoo kwa sauti yake. Wenzake walipanga nguo vizuri kwenye henga, au walishusha bei. Yeye alipanda juu ya belo la nguo akaanza kunadi, na wanawake waliokuwa wakipita na hamsini zao wakajikuta wameinama wanapekua. Nami alinipata hivyohivyo. Nilitoka nyumbani kufuata mapazia, nikarudi na gauni nisilolihitaji na jina la mwanamume kichwani. Mama yangu aliliangalia lile gauni akauliza mapazia yako wapi.

Kwa hiyo daktari alipotuambia kwamba uvimbe uliokuwa kooni mwake ungemuua, na kwamba ili apone lazima sehemu inayotoa sauti itolewe, mimi nilishukuru kusikia neno kupona. Yeye, tulipofika nje, akaniuliza nani sasa atamwozesha binti yetu.

Posa ilikuwa imeshapokelewa. Kwetu, kabla ndoa haijafungwa, baba humwendea binti chumbani akamuuliza kwa kinywa chake kama anamruhusu amwozeshe kwa yule mtu. Hilo ndilo lililomkaa rohoni, si hospitali wala kisu. Sheikh wetu alimtuliza, akamwambia ataingia yeye kwa niaba yake na ndoa itasihi bila shaka yoyote. Mume wangu akaitikia, lakini tulipofika nyumbani akavaa kanzu, akakaa kitandani, akanipa tableti nimrekodi.

Mara ya kwanza nilimkata kichwa, nikachukua kanzu tupu. Alinifokea. Mara ya pili nilimpata vizuri. Alimuuliza binti lile swali, kisha akampa nasaha kidogo, akasema inatosha, asije akaonekana ananadi. Wiki iliyofuata akaingia chumba cha upasuaji, na akatoka mzima. Alhamdulillahi. Hilo nalitanguliza kila ninaposimulia, maana watu wakisikia habari ya sauti wanaanza kunipa pole, na mimi mume wangu ninaye, anakula na kunilalia upande mzima wa kitanda.

Aliporudi nyumbani wageni walitujaa, na watoto wao wakaivamia tableti. Siku moja alikasirika akabadilisha ile patani ya kufungulia, akaichora nyingine anayoijua yeye tu. Dawa zilikuwa zikimlaza kutwa. Alipokuja kuitaka tena, patani imemtoka kabisa. Alijaribu, akajaribu tena, mpaka tableti ikamgomea. Akanitazama, akajipiga paji la uso kwa kiganja. Harusi ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Nikaipeleka kwa fundi wa simu anayekaa chini ya ngazi za ghorofa la jirani. Akasema dawa yake ni kuiriseti, yaani kuifuta yote ianze upya. Nikamuuliza video je? Akasema nisiwe na hofu, siku hizi picha zinajihifadhi zenyewe huko juu kwenye akaunti, nikiingia tu zitashuka. Akabonyeza vitufe vyake, tableti ikazima, ikawaka inang'aa, ikatusalimia kwa lugha za dunia nzima. Kisha ikataka akaunti iliyokuwa ikitumika mwanzo. Nikamwambia fundi aandike.

"Niandike nini, mama? Akaunti ni yenu."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba hatukuwahi kuwa na akaunti. Kariakoo ukinunua simu, muuzaji anaitoa kwenye boksi, anaibandikia kioo cha kuilinda, anaingiza laini yako, anabofyabofya huku anaongea na mteja mwingine, halafu anakukabidhi anasema tayari mzee, furahia. Nani anauliza alibofya nini? Sisi tuliona tumehudumiwa vizuri, tukamshukuru na kwenda zetu kunywa juisi ya miwa.

Nikarudi kwenye lile duka la simu tuliponunua tableti, nyuma ya Msimbazi. Nikakuta fremu ile ya duka sasa inauza mapazia. Mwenyewe, mzee wa Kihindi mwenye futi ya kupimia shingoni, alinikaribisha kiti kabla sijasema shida yangu. Nilipomaliza akatikisa kichwa. Akaniambia kijana wa simu alihama mkoa, namba yake haipatikani, na kwamba wengi wamekuja pale kumuulizia jambo hilohilo. Kidogo nicheke. Miaka yote nilikuwa nikitafuta mapazia na sasa nimeyapata.

Fundi aliposikia ni duka gani akashika kichwa. Akasema simu za pale anazijua, zinamjia kila mara. Yule kijana hakuwa na muda wa kumfungulia kila mteja akaunti yake. Alifungua moja, ya jina la duka, akamwingiza humo kila aliyenunua. Fundi akaiandika anwani bila hata kufikiri, akaandika na neno la siri lililokuwa la duka. Likakataa, maana katika watu wote wale kuna aliyelibadilisha. Akabonyeza kwamba tumesahau. Tableti ikajibu kuwa imetuma ujumbe kwenye simu yetu, twende tukabonyeze Ndiyo.

Nikaitoa simu yangu. Kimya. Yangu niliinunua kwingine.

"Si hiyo," akasema fundi. "Imeenda kwa yeyote yule ambaye bado ana akaunti hii. Anaweza kuwa Buguruni, anaweza kuwa Mbeya."

Tukakaa tunaikodolea macho. Mahali fulani mtu alikuwa anakula chipsi zake, simu ikamuuliza kama ni yeye anayejaribu kuingia, akabonyeza Hapana. Tulijaribu tena baada ya sala ya adhuhuri. Hapana. Nilimsema mtu huyo maneno ambayo siyaandiki hapa, na wakati huohuo nikijua kwamba ningekuwa mimi ningebonyeza Hapana kwa vidole vyote viwili, wezi wa mtandaoni walivyo wengi. Fundi akaniambia tuache, tukizidi itatufungia moja kwa moja.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mume wangu yote, na sikupamba chochote. Tangu upasuaji anazungumza kwa kuandika ujumbe kwenye kitochi chake, simu ndogo ya vitufe, kisha ananigeuzia nisome. Alifikiri kidogo, akaandika, akanigeuzia. Aliandika MUME WANGU.

Nikadhani ni dawa. Kisha nikakumbuka.

Zamani, tableti ikiwa mpya, ilikuwa na majina tusiyoyajua. Fundi bomba, mama mkwe, muuza mkaa, watu wa kila aina. Tulidhani zinauzwa hivyo. Siku moja mume wangu akakuta namba imeandikwa Mume Wangu, na si yake. Akaniletea jikoni akaniuliza huyu ni nani. Mimi nami nikawaka, nikamuuliza yeye aliyeiweka ni nani. Tulizozana mpaka wali ukaungua. Mwisho akaipiga mwenyewe, akapokea mwanamume wa bandarini anayepakua makontena, naye akataka kujua kwa nini mwanamume mwenzake anampigia akimwita mume. Mume wangu na ule ulimi wake alimjibu vizuri tu. Wakacheka, wakazoeana. Tangu siku hiyo kila Ijumaa walipigiana kusalimiana, hawajawahi kuonana, na mume wangu akimtaja alimwita mume mwenzangu. Alipofanyiwa upasuaji simu zikakatika, yule bwana akaendelea kupiga mpaka nikapokea mimi. Nilimwambia sauti haipo tena. Nilisikia winchi zinapiga kelele nyuma yake.

Sasa nikaelewa. Kama namba yake iliingia kwetu ikiitwa Mume Wangu, basi aliyeiandika ni mke wake, na simu ya mke wake imetoka duka lilelile. Nilimpigia papo hapo kwa kitochi cha mume wangu, maana namba yake ilikuwemo. Nilieleza vibaya, kwa haraka, nikiruka huku na kule, lakini alielewa. Akasema mkewe kweli alipata maswali yale ya ajabu mchana, na ndiye aliyebonyeza Hapana. Nikamsikia mkewe kwa nyuma anauliza kwani kuna nini. Akachukua simu. Alikuwa na adabu, lakini alisimama imara. Alisema habonyezi kitu kwa maneno ya simu, atakuja aone kwa macho yake. Nilitaka kukasirika, nikashindwa, kwa sababu alikuwa na haki.

Kesho yake akavuka na pantoni kutoka Kigamboni, akaja mpaka chini ya ngazi za fundi. Mwanamke wa makamo, baibui safi, mkoba kaukumbatia kifuani. Tukaamkiana. Mume wangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kitambaa shingoni. Mgeni akamtazama, akaendelea kumtazama, mpaka mimi nikaanza kuona vibaya.

"Wewe ndiye yule mzee anayemuuliza binti yake," akamwambia.

Fundi akaweka bisibisi chini. Mwanamke akatueleza, taratibu, macho yake kwenye mkoba. Simu yake humletea picha za watu asiowajua, za maharusi, magari na watoto wa shule. Simu ikijaa anafuta, maana nafasi hana. Mwanzo alifuta tu bila kuangalia. Siku moja akakuta mzee mwenye kanzu kakaa kitandani, akataka kumfuta, kidole kikagusa ikaanza kucheza. Akaisikiliza mpaka mwisho. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, na siku ya ndoa yake aliyemuuliza ni ami yake.

"Sikuweza kuifuta," alisema. "Kila nikisafisha simu, hiyo naiacha. Hata mume wangu sikumwonyesha, nikaona ni siri ya watu."

Fundi alinifafanulia baadaye ambacho wakati ule sikukielewa, kwamba akaunti ikiwa moja, akifuta mmoja imefutika kwa wote. Angeifuta yeye, hata tungeingia kwa wepesi kiasi gani tusingeikuta. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia kabla ya maelezo hayo. Nililia pale barabarani, watu wanapita na mizigo kichwani, na mume wangu akanipa kitambaa chake cha shingoni kwa kuwa hakuwa na kingine.

Fundi akabonyeza tena. Safari hii simu iliyolia ilikuwa mkononi mwa mgeni wetu. Ikamuuliza kama ni yeye, akabonyeza Ndiyo, kisha akachagua namba iliyofanana na ile ya kwenye tableti. Tukaweka neno jipya la siri, mimi na yeye tukalikariri kwa kunong'onezana mithili ya wasichana wa shule. Tableti ikasema neno likibadilishwa lazima tungoje siku nzima kabla haijatufungulia. Fundi akaomba radhi kana kwamba kosa ni lake. Mgeni akasema usiku huohuo atamtumia mume wangu video ile kwenye simu yangu, tusikae na wasiwasi, na akatuma. Lakini mume wangu hakuifungua. Alitaka iwe kwenye tableti yake, chombo alichorekodia, na mtu akishatoka hospitali mzima sioni sababu ya kumbishia kitu kidogo namna hiyo.

Ilifunguka. Picha zikashuka moja moja, na za watu wengine zikashuka nazo. Nilitumia siku kadhaa kupiga zile namba za ajabu, mama mkwe, fundi bomba, muuza mkaa, nikiuliza nani kwenu alinunua simu duka lile, nikiwapa neno jipya wale niliowapata ili kila mmoja akachukue vya kwake na kufungua akaunti yake. Wengine walinikatia simu. Sikuwalaumu. Wengine walinishukuru mpaka nikaona haya, maana mwenye kushukuru nilikuwa mimi.

Ijumaa ya harusi bibi yule alikuja na mumewe. Wanaume wawili waliozoeana kwa sauti wakaonana kwa mara ya kwanza mmoja akiwa hana sauti. Walikumbatiana mlangoni muda mrefu mpaka watu wa sahani za pilau wakaomba njia. Sheikh akaingia chumbani kwa binti yetu na mashahidi, akamuuliza yanayotakiwa kuulizwa, ikawa imekamilika kisheria. Kisha akatoka, akatuachia sisi.

Mume wangu akakaa mbele ya binti yake, tableti juu ya magoti, akaibonyeza. Sauti ikatoka, ileile iliyonisimamisha mimi barabarani nikasahau mapazia. Ilimwita mwanangu. Ikamuuliza kama anamruhusu amwozeshe.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, nikitazama kioo cha tableti. Binti hakukitazama. Alikuwa anatazama mdomo wa baba yake, maana midomo ilikuwa inasema kila neno pamoja na ile sauti, bila kuchelewa wala kutangulia. Mume wangu alikuwa amejifunza maneno yake mwenyewe. Nadhani alijifunza usiku ule mgeni alipotuma video, akaisikiliza kwenye simu yangu nikiwa nimelala, ingawa hajakubali mpaka leo.

"Nimekuruhusu, baba," binti akamjibu, na akamjibu yeye.