Nilivyonunua laptop ya coding Bariadi kwa sheria za kununua ng'ombe wa plau

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Kila wiki humu lazima kuna mtu anauliza anunue laptop gani ya coding na mfukoni ana laki sita. Huwa nasoma napita. Leo nasimulia ya kwangu, na sina sababu ya kuongeza chumvi, maana wa kuchekwa kwenye huu uzi ni mimi mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Migato, kule Itilima. Nilisoma IT ngazi ya diploma, nikarudi, nikapanga chumba Bariadi mjini. Nikawa nashinda kwenye stationery ya watu, nawajazia wateja fomu za ajira mtandaoni. Zangu nilikuwa najaza bila majibu.

Laptop ya chuo ilishakufa motherboard. Coding nilikuwa naifanyia kwenye kompyuta ya stationery, kukiwa hakuna wateja.

Sasa kampuni moja ya Dar inayotengeneza app za simu ikanijibu. Majaribio wiki mbili, nafanyia nyumbani, sharti niwe na mashine yangu. Email imeingia Jumatano, kazi inaanza Jumatatu.

Nikampigia mama. Mama hajui coding ni mdudu gani, ila alijua nimekaa miaka miwili bila kazi niliyosomea. Akauza mtamba wake, ambaye tulitegemea azae msimu ujao.

Mtamba mwingine hakukuwepo. Nikikosea kuchagua, kazi imekwenda na ng'ombe kaenda.

Ila mama ana akili. Hela hakunirushia kwenye simu. Alimpa kaka yake ailete mkononi, na akasema isitoke mpaka kaka mtu aridhike na hiyo mashine.

Huyu mjomba kwetu tunamwita mami, naye mpwa wake humwita mwihwa. Watu wanatoka vijiji vya mbali kumfuata awachagulie ng'ombe wa kulimia. Shule hakwenda, simu yake ni ya tochi. Ijumaa akatua Bariadi na fimbo yake, katambuga miguuni na koti kubwa ambalo hela ilikuwa imeshonewa kwa ndani.

Sasa hapa ndipo aibu yangu ilipo. Tulipofika duka la laptop used, nilimwomba akae kwenye benchi nje, nikamwambia mambo ya ndani ni ya kitaalamu. Hakubisha. Akakaa, akawasalimia waliokuwepo, mwadila, mwadila, nami nikaingia peke yangu.

Muuzaji alikuwa jamaa mcheshi sana. Akanitolea laptop moja nyembamba, ya silva, keyboard inawaka taa, screen unaigusa kwa kidole. Core i7. Kizuri chajiuza wakuu. Nikaisifia palepale mbele yake, nikasema hii ndiyo yenyewe, mpaka nikamwambia na kazi naanza Jumatatu.

Kwa sisi tuliokulia kwenye ng'ombe, hilo ni kosa la kuchapwa. Mnadani, ng'ombe uliyempenda unampa mgongo. Unauliza habari za yule wa pembeni, unalalamikia mvua, unamwacha mwenye mali ahangaike. Mimi nimekua nikiona hayo kila wiki, ila kwa sababu ni duka lenye kioo na feni, nikajua sheria zimebadilika.

Bei haikushuka hata shilingi. Na hela iko benchini. Nikatoka kumwita mami.

Aliingia, akaiangalia ile silva kwa muda mrefu bila kuigusa. Akaniuliza swali moja tu.

"Umeiona ikilima?"

Nikaanza kumweleza processor, kizazi cha ngapi, RAM ngapi. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, kisha akasema, "Ng'ombe wa jembe hapimwi kwa kumtazama, mwihwa. Anafungwa plau. Na anafungwa mbali na zizi lake, ili asipate pa kuegemea."

Pa kuegemea pa laptop ni wapi kama si chaji? Ile mashine tangu naingia ilikuwa imechomekwa kwenye umeme.

Mami akamwambia muuzaji achomoe. Jamaa akacheka, akasema wateja wake huwa hawafanyi hivyo. Mami naye akacheka, akavuta kiti, akakaa. Fimbo akailaza magotini.

Nilikuwa na external disk yenye programu na kazi zangu zote. Nikaweka Android Studio, nikawasha hotspot, nikafungua project yangu halisi na kuwasha emulator, ile simu ya bandia ya kujaribia app. Hapo ndipo plau ilipogusa ardhi.

Feni ikaanza kulia kama mashine ya kusaga. Mami akapitisha kiganja chini yake, akakitoa haraka, akanitazama. Betri iliyokuwa asilimia tisini ikashuka, na project haijamaliza hata ku-build mashine ikazima.

Jamaa akasema betri inabadilishwa. Ni kweli, inabadilishwa. Ila RAM ilikuwa 8 na imechomelewa humohumo, haiongezeki, na mimi nilishaanza kujiona mjinga.

Mami wala hakumgombeza mtu. Akageukia rafu ya chini, akaonyesha kwa fimbo laptop moja nyeusi, nene, kona zimechubuka. Akaanza kuiponda. Mbona nzito, mbona imechakaa, hii si ya kuwekea mlango usifungwe na upepo? Muuzaji mwenyewe akaanza kuitetea. Kumbe ni i5 kizazi cha nane, RAM 16, SSD 256, ilikuwa ya ofisi huko nje ya nchi.

Tukaifunga plau na hiyo. Ika-build. Nikawasha emulator, nikafungua na browser tabo kibao, ikaendelea kwenda. Mami akaweka kiganja, akakiacha pale pale. Tulikaa zaidi ya saa nzima, na betri ikawa bado iko zaidi ya nusu.

Kisha akaomba ifunguliwe mgongo. Nikamuuliza anataka kuona nini. Akasema hata ng'ombe mzuri anafunuliwa mdomo, meno yanasema umri. Ndani hakukuwa na kutu wala dalili ya kumwagikiwa maji. Bei ikashuka hadi tukabaki na hela ya kununua begi na internet ya wiki mbili.

Wakuu, mimi mwenye diploma nilikuwa nimesimama kama mzigo. Nilimpenda sana yule mzee siku ile.

Majaribio yakaanza. Siku ya mwisho umeme ukakatika mtaani kwetu tangu asubuhi, na kazi inatakiwa saa nane mchana. Ile nyeusi ikakaa na mimi mpaka nikatuma, saa saba na nusu. Wiki iliyofuata nikapewa mkataba.

Jumapili nikaenda Migato. Baada ya kumshukuru mama nikaenda kwa mami, nikamkuta anasuka kamba. Nikamwambia kazi nimepata. Halafu nikamwambia kwamba siku ile nilimwonea aibu, anisamehe.

Akaendelea kusuka. Kisha akasema, "Niliona, mwihwa. Lakini ningekasirika nikaondoka, Jumatatu ungeanza kazi na nini?"

Nikashika upande wa pili wa kamba, nikamsaidia kuivuta.

Funzo langu: ukienda kununua laptop ya kazi, beba kazi yako uende nayo, chomoa chaji, ilimishe mbele ya mwenye nayo. Na ukipewa mtu wa kukusindikiza, ingia naye ndani.

Haya, uwanja ni wenu. Nani alikuokoa dukani, na je, ulishamwambia asante?