Obwato wa Rogasian

Jirani yangu Benadeta wa Chonyonyo ni mtu wa kuota mchana. Ukimpigia hodi asubuhi unamkuta amekaa ukingoni mwa obwato, ule mtumbwi wa kukamulia ndizi, macho yako migombani, midomo inatabasamu. Usimshtue. Huwa amerudi kwenye miaka ambayo mumewe Rogasian angali hai, anakanyaga ndizi mbivu na nyasi kwa miguu yake mipana, na maji ya ndizi yanapanda taratibu mpaka vifundoni.

Obwato huo aliuchonga babamkwe wake kwa gogo moja. Rubisi, pombe ya ndizi, ya harusi ya Benadeta ilitoka humo. Ukiwa mkavu, aliwalaza humo watoto wake wakati akipalilia kahawa. Egbert, kitindamimba, ndiye aliyelala humo kuliko wote, nami humtania kwamba ndiyo maana kichwa kilimuumuka.

Na kweli kimeumuka. Egbert ana kazi ya ofisini kule Rubwera, na tangu aanze kujenga, kila anachokiona kwa mama yake anakigeuza bati na saruji. Mwezi uliopita alileta habari kwamba mwenye hoteli mmoja wa Kayanga anautaka obwato auweke mapokezi kama pambo. Benadeta alikataa. Siku ya kumaliza msiba wa Rogasian ilikuwa inakaribia, na mzee mwenyewe aliomba kabla ya kufa kwamba rubisi ya siku hiyo itoke humo. Egbert alinuna, akasema wazee wanakumbatia magogo huku nyumba za watoto wao hazina madirisha. Neno hilo lilimuuma mama yake. Mimi lilinikasirisha, maana kahawa ya mama huyo ndiyo iliyomsomesha.

Jumapili, mama yuko kanisani, Egbert akaja na kopo la vanishi. Akausugua obwato kwa sabuni, akaupaka ndani na nje mpaka ukang'aa. Aliamini mnunuzi akiuona hivyo ataongeza bei, na mama akiziona fedha atalainika. Benadeta aliporudi aliugusa, akanusa kidole. Ningekuwa mimi, ningemchapa.

"Mwanangu," alisema, "umemfuta baba yako."

Kesho yake mwenye hoteli akaja, akauzunguka. Akasema aliutaka ule mkuukuu, wenye weusi wake. Wa kung'aa hivi hata seremala wa Kayanga angemchongea. Akawasha gari akaenda zake.

Egbert hakurudi Rubwera siku hiyo. Aliokota kipande cha chupa, akaanza kukwangua, shati la ofisini limelowa jasho. Mama yake alikaa kando, katika kuota kwake. Jua lilipoanza kulegea juu ya migomba, vanishi ikatoka pale katikati, na harufu ikapanda: ndizi mbivu, mtama wa kukaanga, nyasi. Hata mimi niliyekuwa uani kwangu niliinusa, nikahisi Rogasian yuko karibu.

Egbert akavua viatu, akaingia. Pale katikati kuna mabonde mawili yaliyochimbwa na miguu ya baba yake kwa miaka mingi. Miguu yake ikaenea humo sawasawa. Akasimama hivyo, machozi yanamtoka.

"Mama," akasema, "ndizi ziko wapi?"

"Ziko darini juu ya jiko," Benadeta akajibu. "Zilishaiva, zinakungoja wewe."