Pia Inayosimama kwa Mkia

Shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, alikuwa fundi mkereza. Mtaani walimwita Maranda, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila maranda ya mbao kichwani, hata siku ya harusi yake. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mikate, na humo ilisimama mashine ya kukerezea aliyoachiwa na baba yake. Alikereza miguu ya vitanda, mipini ya nyundo, vishikio vya milango. Na alikereza pia, zile za watoto kuzungusha.

Leo ukitaja pia, watoto wanakutazama kana kwamba umetaja mnyama aliyekwisha duniani. Zamani kila kibaraza kilikuwa na pia zinazovuma na watoto wanaogombana. Sasa kibaraza kimewekwa vigae, mlango una kufuli, na mtoto yuko ndani anasugua kioo cha simu kwa kidole gumba. Nikisema hivyo naambiwa nina wivu. Haya, ninao.

Kulikuwa na pia moja ambayo Maranda na baba yake peke yao ndio walioweza kuikereza. Ilikuwa ya mviringo kama kitunguu, na mkia mfupi wa kushikia. Ukiizungusha inaanza kama pia nyingine yoyote. Halafu inayumba, inainama mpaka mkia unagusa meza, na mara inajipindua nzima na kusimama kwa mkia wake, tumbo juu, ikiendelea kuzunguka. Sehemu nzito inapanda juu yenyewe! Baba mtu alijua kuikereza. Kwa nini inafanya hivyo, hakujua.

Maranda alikulia kwenye karakana hiyo pamoja na rafiki yake, mtoto wa jirani, mwembamba mwenye sauti kali, wakamwita Mbu. Walipitisha utoto wao wakiizungusha pia ile na kubishana. Mbu alipopata nafasi ya kwenda kusoma mbali, aliweka mkono juu ya meza ya kazi akasema, "Mimi nitasoma, wewe utakereza. Nikijua kwa nini inajipindua, wewe utakuwa wa kwanza kuambiwa." Watoto wa siku zile walikuwa wakisema neno, neno linakaa. Maranda alilishika.

Mbu akawa profesa, mtaalamu wa vitu vinavyozunguka. Kila siku ya kuzaliwa ya rafiki yake Maranda alimpelekea pia mpya, na nyumbani kwa Profesa ikawa desturi: keki haikatwi mpaka pia izungushwe, ijipindue, ianguke. Maranda aliifuta meza kwa kiganja, mara moja, kutoka kushoto kwenda kulia, kama afanyavyo mbele ya mteja. Profesa alizungusha. Watu walisogea. Ilipoanguka walipiga makofi, kisha Maranda alimsogelea rafiki yake.

"Mbu, vipi lile swali langu?"

"Bado, ndugu yangu. Lile gumu. Mwakani."

Miaka ilikwenda hivyo. Marehemu mke wangu alikuwa akimtania kaka yake: "Wewe utazikwa na swali lako." Yeye alicheka tu. Kwake, mtu aliyeahidi ni mtu aliyeahidi.

Profesa alipotimiza miaka sabini, nilimsindikiza Maranda. Sebule ilijaa watu wa chuoni. Tulikuwa tumesimama kando ya meza, mwenyeji akiwa bado anapokea wageni mlangoni, mwalimu mmoja kijana alipoiona pia mkononi mwa shemeji yangu.

"Ah, pia za darasani kwetu! Mzee, kumbe wewe ndiye unayezitengeneza?"

"Za darasa lipi?"

"Mwaka wa kwanza. Profesa huanza nazo kila mwaka. Hata mama yangu alifundishwa naye kwa hizi hizi."

"Anafundisha nini?"

"Kwa nini inajipindua. Wala si jambo gumu, mzee. Uzito wake umekaa chini kidogo ya kitovu cha mviringo. Ikiinama, pale inapogusa meza inaburuzika, na ule msuguano ndio unaoigeuza. Halafu inapunguza kasi, maana inalipia kupanda kule kwa mzunguko wake. Iweke kwenye kitu kinachoteleza, haipinduki ng'o."

Maranda alimsikiliza mpaka mwisho. "Umeeleza vizuri, mwanangu," akasema. "Nimeelewa." Nami nilielewa, na nilitamani nisingeelewa.

Profesa akaja akipiga makofi. "Haya, Maranda! Watu wana njaa. Futa meza tuanze!"

"Kabla sijafuta," Maranda akasema, safari hii kwa sauti ya kusikika sebule nzima, "vipi lile swali langu?"

Wageni wakacheka, walikwishauzoea utani ule. Profesa naye akacheka, akamshika bega. "Bado, ndugu yangu. Mwakani!"

Yule mwalimu kijana akatazama viatu vyake.

Maranda akaitia pia mfukoni, akatoka. Profesa alimkimbilia hadi getini, nami nyuma yao.

"Maranda, kuna nini? Keki haijakatwa!"

"Tangu lini unajua, Mbu?"

"Tangu ujana," Profesa akasema. " Tangu nikiwa masomoni."

"Ukawaambia wote. Mimi ndiye wa mwisho."

"Niliogopa. Ningekupa jibu, ungekuwa na sababu gani ya kuja tena?"

Maranda alimtazama kama mtu anayetazama mbao iliyopasuka ndani. "Miaka yote hii," akasema, "ulidhani nilikuwa nakuja kufuata jibu?"

Tulirudi kwa miguu.

Mwaka uliofuata, siku ile ile, hakukereza pia. Nilikuwa karakanani nikinywa chai gari liliposimama nje. Profesa akaingia peke yake, suti yake ikichukua vumbi, mkononi ana pia kongwe ya baba yake Maranda, ile waliyoichezea utotoni, naye akaenda nayo masomoni.

"Nimekuja nizungushe hapa," akasema. "Keki inasubiri."

Maranda hakuzima mashine. Alikuwa akikereza mguu wa kitanda, patasi mkononi. Profesa akaizungusha pia juu ya meza ya kazi, palipojaa vumbi laini la mbao. Ikayumba. Ikateleza huku na huku ikitafuta pa kusugua. Profesa aliinua macho kwa rafiki yake, akangoja.

Meza ilihitaji kiganja kimoja tu, kutoka kushoto kwenda kulia.

Maranda alikiangalia kiganja chake, akakirudisha kwenye patasi. Pia ikalala ubavu, bila kupinduka.